Kopo la wifi

Jumapili moja ya Oktoba wifi yangu alipita kwangu akitoka ibada ya kwanza. Alisalimia, akaketi, halafu akainuka tena kama aliyekumbuka jambo, akarudi garini na kuja na kopo. Akaniwekea mezani kabla sijamimina chai. Kopo la kioo cheupe, zito, lenye kifuniko cha rangi ya dhahabu.

"Wifi, wewe ndiye mtu wa dawa," akasema. "Nisomee hili uniambie ukweli. Nimelipa laki na arobaini."

Nilipolishika nilishtuka, lilikuwa la moto. Lilikaa kwenye dashibodi tangu saa moja asubuhi, gari limeegeshwa juani nje ya kanisa, na muda huo ilikuwa inakaribia saa tano. Nikalifungua. Krimu ilikuwa imejitenga: mafuta ya njano yameelea pembeni, na majimaji yamekusanyika kwenye shimo dogo alikochota kwa kidole. Lebo ilikuwa na maneno matatu makubwa, nano, kolajeni na dhahabu. Chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na ahadi kwamba chembe zake hupenya hadi tabaka la ndani kabisa la ngozi na kumrudisha mtu miaka kumi nyuma.

Mimi ni mfamasia. Nimesimama nyuma ya kaunta hapa Dodoma kwa miaka 19, na swali la wifi naulizwa karibu kila wiki, na wanawake wengi, na siku hizi na wanaume pia. Nimeamua kuliandika kwa urefu kwa sababu kumwambia mtu "umeibiwa" si ukweli wote, na kumwambia "ni nzuri, tumia" si ukweli kabisa. Kuna elimu ya kweli nyuma ya neno nano, yaani chembe ndogo mno. Inaniuma kuona inavyopotea katikati ya matangazo.

Nianze na malalamiko yake mwenyewe, maana ndiko kopo lilikotokea. Wifi alihamia hapa mwaka 2017, wizara yake ilipohamishwa kutoka Dar es Salaam. Mwaka wa kwanza haujaisha akaanza kusema, "Dodoma imenizeesha." Nimeyasikia maneno hayo kwa wengi waliokuja na serikali. Mtu ametoka pwani, mahali ambapo hewa yenyewe ina maji, amekuja kwenye uwanda ulio juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua inanyesha kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo ni upepo mkavu na vumbi kwa miezi. Ngozi hupoteza maji usiku na mchana. Ikipungukiwa maji inajikunja, na vile vistari vidogo chini ya macho vinajitokeza kama nyufa za tope lililokauka kwenye lambo. Mtu anajiangalia kwenye kioo anaona uzee. Sehemu kubwa ya anachokiona ni kiu. Mafuta ya mgando ya bei ndogo kabisa, yakipakwa mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu, yatavifuta vingi vya vistari hivyo ndani ya siku chache. Nimewaambia watu hivyo, wakaniangalia kama ninawanyima kitu kizuri.

Lakini kuna uzee mwingine ambao mafuta ya mgando hayaugusi. Nilimwomba wifi akunje mkono wa gauni hadi begani. Nikamwambia atazame upande wa ndani wa mkono, karibu na kwapa, kisha ageuze atazame nje, chini ya kiwiko. Ndani, ngozi ilikuwa laini, rangi moja, ukiivuta inarudi. Nje ilikuwa ngumu zaidi, ina madoa madogo ya giza, na mikunjo ya kukatana kama chandarua. Pande zote mbili zina umri wa miaka 51. Kilichotofautiana ni jua. Mama mkwe wangu kule Mvumi, aliyelima tangu akiwa binti, ukimwona uso utasema ana miaka mia. Ukimsaidia kuoga utaona mgongo wa mwanamke wa makamo.

Mionzi ya jua inayozeesha hupita kwenye mawingu na kwenye kioo cha gari, na inazidi kadiri unavyopanda juu, takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Inafika kwenye tabaka la katikati la ngozi ambako kuna nyuzi za kolajeni, protini inayoishikilia ngozi, inaviamsha vimeng'enya vinavyozikata, na inazichosha seli zinazozitengeneza. Rangi yetu inatusaidia. Vipimo vilivyofanywa zamani kwenye ngozi nyeusi vilionyesha kinga ya asili ya kiasi cha 13 kwa kipimo cha SPF, kile kinachoandikwa kwenye mafuta ya kukinga jua, ilhali ngozi nyeupe ilikuwa na 3 hivi. Ndiyo maana mikunjo hutuchelewa. Kwetu jua huanza kuandika kwa madoa, na madoa ndiyo yanayowapeleka watu kwenye mkorogo. Nitafika huko.

Sasa ukuta. Sehemu ya juu kabisa ya ngozi, ile inayotoka kama unga ukijikwaruza mguu wakati wa kipupwe, ni seli zilizokwisha kufa. Zimepangwa tabaka 15 hadi 20, na zote pamoja zina unene wa mikromita 10 hadi 20 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Mtafiti Peter Elias wa California alizifananisha na ukuta wa matofali: seli ndizo tofali, na kinachozishikanisha ni mafuta yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Anayeishi Dodoma ya leo ukuta haumpi shida kuuona. Kila kiwanja cha Nzuguni na Ilazo kina rundo la tofali na fundi anayechanganya udongo. Kinachotaka kupita kwenye ngozi hakitoboi tofali, kinatafuta njia kwenye viungio. Na viungio ni mafuta, kwa hiyo hupita kile kilicho kidogo na kinachopatana na mafuta bila kuyakataa maji kabisa.

Kidogo kiasi gani? Mwaka 2000 madaktari wawili wa Uholanzi, Jan Bos na Marcus Meinardi, walikusanya vitu vinavyojulikana kuipita ngozi, yaani dawa za kupaka zinazofanya kazi na vitu vinavyoleta mzio, wakaona karibu vyote vina molekuli zenye uzito usiozidi daltoni 500. Daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli. Kanuni yao inaitwa kanuni ya 500, na ina watu wanaoibishia pembeni, ila kaunta yangu naiendesha kwayo.

Weka kopo la wifi kwenye mzani huo. Kolajeni ina uzito wa daltoni 300,000 hivi, mara 600 ya kikomo. Asidi ya hayaluroniki, nayo ilikuwamo, huanzia maelfu na kufika zaidi ya milioni. Hivi vikikaa juu ya ngozi vinashika maji, na hiyo ni faida, uso unalainika kwa siku hiyo. Kuingia ndani na kuziba mahali palipobomoka haviwezi. Hata vingeingia, kolajeni haiwekwi kama kiraka kwenye suruali. Seli za mwili wenyewe huitengeneza upya, uzi kwa uzi.

Halafu angalia vinavyopita. Retinoli, yaani vitamini A, ina 286. Vitamini C ina 176. Na haidrokwinoni, ile ya kuchubua, ina 110 tu. Klobetasoli, steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi) ambayo watu huichanganya kwenye mkorogo bila cheti cha daktari, ina 467. Yaani hivi viwili vinavyotuharibia dada zetu havikuwahi kuhitaji nano. Mlango wao ulikuwa wazi siku zote.

Nisimame hapa kidogo. Miaka minne iliyopita alikuja dukani binti wa miaka 26, amejifunga ushungi hadi usawa wa macho ingawa hakuwa mtu wa kuvaa ushungi. Aliposhusha, mashavu yalikuwa kama ganda la ndani la kitunguu. Ungeweza kuhesabu mishipa. Alikuwa amepaka mkorogo kwa miaka mitatu, na kila alipojaribu kuacha uso uliwaka na kuvimba, akarudi kupaka ili atulie. Alikuwa anataka nimuuzie "kitu cha nano" cha kurudisha ngozi. Sikumuuzia kitu. Nilifunga duka mchana huo kwa nusu saa, tukakaa nyuma, nikampigia simu daktari wa ngozi ili apokewe siku hiyo hiyo, kwa sababu steroidi ya muda mrefu haiachwi ghafla bila msimamizi. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya krimu hizo huharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa Shirika la Viwango (TBS), lililoipokea kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Marufuku ipo, na mkorogo bado upo. Ndiyo maana mtu akiniuliza, "Hii inapenya kweli?" mimi humwuliza kwanza ni nini kinachopenya.

Turudi kwenye nano yenyewe. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita, na unywele mmoja wa kichwani una unene wa nanomita 80,000 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwingereza Alec Bangham, akifanya kazi karibu na Cambridge, alikuwa anatazama mafuta ya kiini cha yai kwenye hadubini ya elektroni. Mafuta ya aina hiyo kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Ukiyatia majini yenyewe hujikusanya, mikia ndani, vichwa nje, hadi yanakuwa vifuko vidogo vya duara vyenye maji katikati. Vifuko hivyo vikaitwa liposomu. Ukiweka dawa ndani yake imehifadhiwa. Mwaka 1986 Dior ya Ufaransa ilitoa krimu ya Capture yenye liposomu, na biashara yote ya vipodozi ikafungua macho. Miaka ya 1990 wakaja watu kama Rainer Müller wa Berlin na chembe za mafuta magumu, yaani badala ya kifuko chenye maji, punje ndogo ya mafuta iliyoganda, na kiungo kimefungwa ndani yake kama nazi iliyogandia kwenye halua.

Tangu hapo ahadi imekuwa kwamba vifuko hivi hupita ukutani na mzigo wao hadi kwenye seli hai. Watafiti walipofuatilia kwa rangi zinazong'aa waliona jambo jingine. Kwa sehemu kubwa kifuko hakipiti kikiwa kizima. Kinafika juu ya ukuta, kinavunjika au kinachanganyika na mafuta ya viungio, na mzigo unaendelea peke yake, kama ni mdogo wa kutosha. Mzigo mkubwa unabaki juu na kifuko chake kilichopasuka. Kwa hiyo kuweka kolajeni kwenye nano hakuipunguzii kolajeni uzito. Ni sawa na kulipeleka lori la mzigo hadi kwenye mlango wa choo. Lori limefika, kabati halipiti.

Kuna njia moja ya pembeni, na hii ndiyo ninayoipenda kuieleza. Ukuta una matundu, na matundu ni vinyweleo. Timu ya Jürgen Lademann katika hospitali ya Charité mjini Berlin ilipaka ngozi ya sikio la nguruwe, inayofanana sana na yetu, chembe zenye ukubwa wa nanomita 320 zikiwa na rangi, na pembeni wakapaka rangi ile ile isiyo kwenye chembe. Walizichua zote kwenye ngozi. Kisha wakarudia kwenye ngozi ya watu hai: rangi ya kawaida ilionekana kwenye mashimo ya vinyweleo kwa siku 4. Iliyokuwa kwenye chembe ilikaa siku 10. Chembe zilijificha mle kama akiba kwenye ghala, mahali ambapo maji ya kuoga na taulo havifiki, ila hazikuvuka kwenda kwenye nyama hai. Ona ukubwa wake: 320. Anayekuambia kwamba kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo inavyozama zaidi hajasema yote, maana kwa kinyweleo chembe ya mamia ya nanomita huzama vizuri kuliko ndogo sana. Na kuchua kulikuwa sehemu ya kazi. Unywele unapotikisika unasukuma chembe chini kama mchi. Bibi zetu walipotuchua mafuta mwili mzima mpaka tukalia, walikuwa wanafanya nusu ya kazi ambayo tangazo linaidai yote.

Kwa hiyo faida ya kweli ya nano kwenye krimu ya kuzuia uzee ni ipi? Kwa maoni yangu kubwa kuliko zote ni kulinda kilicho dhaifu. Retinoli ndicho kiungo cha kupaka chenye ushahidi mzito kuliko vingine, yeye pamoja na ndugu yake mkali tretinoini, ambayo ni dawa ya cheti. Na retinoli huharibika ovyo. Hewa inaiharibu, mwanga unaiharibu, joto linaiharibu. Ikifungwa ndani ya punje ya mafuta inaishi muda mrefu zaidi kopo likiwa limefunguliwa, na ikifika kwenye ngozi inatoka polepole, jambo linalopunguza kuwasha na kubabuka kunakowafanya watu wengi waiache wiki ya pili. Pia zile punje zikikaa juu ya ngozi hujipanga kama utando mwembamba na kuzuia maji yasitoke. Hayo ni mambo ya maana. Hakuna linalorudisha miaka kumi.

Habari ya tretinoini ina kidonda ambacho siwezi kukiruka. Mwaka 1986 daktari Albert Kligman wa Philadelphia na wenzake walichapisha kwamba tretinoini, iliyokuwa ikitumika kwa chunusi, inapunguza mikunjo ya jua. Wagonjwa wake wakubwa wa chunusi walikuwa wamemwambia nyuso zao zimelainika. Ni mwanzo wa karibu kila kopo la kuzuia uzee linalouzwa leo. Lakini Kligman huyo huyo, kuanzia 1951 hadi 1974, alifanya majaribio ya vitu vya kila aina kwenye migongo ya wafungwa wa gereza la Holmesburg, wengi wao watu weusi, wengi wasiojua wanapakwa nini. Ninapomwandikia mteja maelekezo ya matumizi, apake usiku, kiasi cha punje ya njegere, asiguse kabisa akiwa mjamzito au anatafuta ujauzito, asubiri miezi mitatu hadi sita kabla ya kuhukumu, nakumbuka ngozi zilizotangulia kupakwa ili sisi tujue haya.

Kuna jambo la sheria linalogeuza neno hili juu chini. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2013, kiungo cha nano lazima kitajwe hivyo kwenye orodha ya viungo. Na nano wanayoihesabu ni ile chembe ngumu isiyoyeyuka au isiyooza mwilini, ya nanomita 1 hadi 100. Liposomu, inayoyeyuka, haimo. Yaani kule neno limewekwa ili mnunuzi ajue na serikali ifuatilie usalama. Huku limewekwa mbele ya kopo kwa herufi za dhahabu ili mnunuzi alipe zaidi. Kopo la wifi lilikuwa na nano mbele, na nyuma, kwenye orodha ya viungo, halikuwa na chembe yoyote iliyoelezwa. Kulikuwa na maji, gliserini, mafuta ya madini, manukato, kolajeni, asidi ya hayaluroniki, na vitu vya kuzuia kuoza. Retinoli haikuwamo, wala vitamini C. Lori lilitangazwa, mzigo haukuwamo.

Na hata ungekuwamo, kuna joto. Nadhani hili ndilo tunalolisahau zaidi, kwa sababu maelekezo yote yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wiki ile ile nilichukua kipimajoto cha dukani nikaenda kwa kijana anayeuza vipodozi karibu na soko la Sabasaba, kibanda cha bati chenye kabati la kioo linalotazama magharibi. Tumezoeana, hunitumia wateja. Nikamwomba tuweke kipimajoto ndani ya kabati, kati ya makopo. Saa nane mchana kilisoma 44.

"Dokta, hizi zimetoka Ulaya," akaniambia, "haziharibiki hizi."

Nilimwonyesha kopo moja la krimu ya vitamini C iliyokuwa nyeupe ilipotoka kiwandani na sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Aliishika, akanusa, akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ni ngapi kati ya zile zimekufa. Yule kijana ametia mtaji wake wote mle. Vifuko vya mafuta vikikaa kwenye joto hilo kwa wiki kadhaa huungana, huvuja, na mafuta yake huchacha. Punje za mafuta magumu hulegea na kutema kilichofungwa ndani yake. Kopo limesafiri kwenye kontena, likashuka Dar es Salaam, likapanda basi, likakaa kabatini, halafu likawekwa kwenye dashibodi nje ya kanisa. Teknolojia yote ya Berlin na Paris inaishia pale. Tulichofanya siku ile ni kulihamisha kabati upande wa nyuma wa kibanda, likatazama ukuta wa jirani, na kulifunika kitenge kuanzia saa sita. Joto lilishuka hadi 35. Ni bado kali, lakini ni tofauti kubwa.

Ndiyo maana mtu akija kununua humwambia achague chupa ya kubonyeza, isiyopitisha mwanga, badala ya kopo la mdomo mpana. Kila ukichota kwa kidole unaingiza hewa na vijidudu. Kopo la kioo linapendeza kwenye meza ya kujipambia, ndiyo kazi yake.

Kama kuna nano ninayoitetea kwa moyo wote ni ile ya mafuta ya kukinga jua. Oksidi ya zinki na oksidi ya titani hukinga mionzi vizuri, ila zikiwa chembe kubwa humfanya mtu mweusi aonekane ametoka kusaga mahindi kinuni. Kwa sababu hiyo tu watu wetu wengi hawapaki. Zikisagwa hadi kiwango cha nano hazionekani, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba hubaki kwenye zile seli zilizokufa, haziingii ndani. Hapo hatutaki zipenye, tunataka zikae juu ya ukuta kama bati. Tahadhari ni moja: ziwe za kupaka, zisiwe za kupuliza wala poda, kwa maana mapafu hayana ukuta kama wa ngozi. Na kwa mwenye madoa, atafute yenye rangi ya udongo, iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huzidisha madoa. Ndugu zetu wenye ualbino wanalijua somo la jua kuliko sisi sote. Kwao si suala la mikunjo, ni saratani. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yanatengenezwa Moshi kwa ajili yao. Nikikumbuka kwamba kitu cha namna hiyo kinachanganywa hapa hapa nchini, kwa vipimo, kwa ngozi iliyo hatarini zaidi, sikubali tena kwamba vya maana lazima vitoke mbali kwenye kopo la dhahabu.

Hata zabibu zetu. Ganda la zabibu lina resveratroli, molekuli ya 228, ndogo ya kutosha, ila mwanga huigeuza umbo na majini haiyeyuki vizuri. Ni aina hasa ya abiria anayehitaji kifuko, na maabara nyingi duniani zinaifunga kwenye liposomu na punje za mafuta. Kila msimu, Hombolo na Makutupora wanakamua zabibu, na maganda na mbegu hubaki marundo. Kila nikipita nikisikia ile harufu ya maganda yaliyochacha nawaza wanafunzi wa kemia wa UDOM, chuo kikuu chetu kilicho juu ya kilima.

Wifi nilimwambia yote haya kwa mafungu, si siku moja. Siku ile ya kwanza nilimwambia jambo moja tu, kwamba kopo lake halina cha kumzeesha wala cha kumrudisha, alipake miguuni likiisha liishe. Alikaa kimya, akakizungusha kile kifuniko cha dhahabu mezani. Akasema, "Laki na arobaini, wifi. Ilikuwa ada ya twisheni ya mtoto." Nikamshika mkono. Nilitaka kumtafuta muuzaji, lakini namba yake ya simu ilikuwa imeshafungwa.

Wiki iliyofuata tulianza upya: mafuta ya mgando baada ya kuoga, mafuta ya zinki yenye rangi ya udongo kila asubuhi kabla hajapanda gari, hata siku za mawingu, na baada ya mwezi mmoja nikamwongezea retinoli ya kiasi kidogo, chupa ya kubonyeza, siku mbili kwa wiki, usiku. Desemba mvua za kwanza zilipoanguka nilikwenda kwake kula chakula cha mchana. Nikaingia jikoni kuchota maji. Nyumba yao haina kiyoyozi, na friji ilikuwa imezimwa kwa kukatika umeme tangu asubuhi. Kwenye kona yenye giza, nyuma ya mtungi wa udongo alioletewa na mama kutoka Mvumi, kwenye sakafu yenye unyevu ambako ndiko baridi kuliko pote ndani ya nyumba, alikuwa ameiweka ile chupa, imefungwa ndani ya soksi ya mtoto ili mwanga usiipate.